Vigari vya chuma katika soko la Rumonge: soma chini ya gari kabla ya kupanga bei

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, bidhaa zinazozungumzwa zaidi ni samaki, mawese, saruji, sukari na mafuta ya magari. Lakini ndani ya marobota ya mitumba na katoni za bidhaa ndogo ndogo kuna bidhaa nyingine ambayo wafanyabiashara wengi hawaipi uzito. Ni vigari vidogo vya chuma vilivyotengenezwa kwa kufuata magari halisi ya mashindano, magari ya kifahari na malori.

Wengi wanavijua kama vitu vya watoto, na huviuza kwa fungu pamoja na midoli ya plastiki. Hata hivyo, duniani wapo watu wazima wengi wanaovikusanya, na baadhi yao wako tayari kulipa bei kubwa kwa kigari kimoja tu. Vigari viwili vinaweza kufanana kwa umbo na rangi, kimoja kikawa na bei ya chupa ya soda na kingine kikafikia bei ya baiskeli.

Asiyejua tofauti hupoteza kwa njia mbili. Huuza kwa bei rahisi kitu cha thamani, au hununua kwa bei kubwa kitu cha kawaida kwa sababu ameambiwa ni "cha zamani". Njia ya pili ndiyo inayoumiza mtaji zaidi. Makala hii inaeleza bidhaa hii ni ipi, inatambuliwaje, inatozwa ushuru gani, na inasafirishwaje bila kuharibika.

Kigari cha kusubu ni nini?

Vigari hivi hutengenezwa kwa kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Madini yanayotumika zaidi ni aloi ya zinki iliyochanganywa na alumini, shaba na magnesi kidogo. Kiwandani aloi hiyo huitwa zamak. Huyeyuka kwenye joto la chini kidogo ya nyuzi 400 za Selsiasi, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na joto la kuyeyusha chuma cha kawaida. Ndiyo maana kalibu moja ya chuma huweza kutoa maelfu kwa maelfu ya vigari bila kuharibika.

Kwa hiyo neno "chuma" linalotumika sokoni ni la mazoea tu. Mwili wa kigari ni wa zinki, vyuma vya magurudumu ni vya chuma cha pua au chuma cha kawaida, na sehemu za ndani pamoja na vioo ni za plastiki. Siku hizi hata sehemu ya chini huwa ya plastiki katika vigari vingi vya bei rahisi.

Ukubwa hutajwa kwa kipimo. Kigari cha kipimo cha 1:64 ni kidogo kuliko gari halisi mara 64, na hutosha kwenye kiganja. Kipimo cha 1:43 hupendwa na wakusanyaji wa magari ya mashindano. Cha 1:18 ni kikubwa, milango na boneti hufunguka, na mara nyingi huwekwa kwenye kabati la kioo. Malori, greda na mitambo ya ujenzi kwa kawaida hutolewa katika kipimo cha 1:50.

Viwanda vilivyojenga soko hili

Biashara ya vigari vya kusubu ilianza mapema katika karne ya 20, lakini majina yanayotafutwa zaidi na wakusanyaji ni machache.

Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, ilianza kutumia jina la Dinky Toys mwaka 1934. Kiwanda chake cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979.

Lesney ilianzishwa London mwaka 1947. Mwaka 1953 iliuza zaidi ya nakala milioni moja za gari dogo la farasi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka huo huo ilianza mfululizo wa Matchbox. Mmoja wa wakuu wake, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shuleni kwao waliruhusiwa kwenda na kitu cha kuchezea endapo tu kingeingia ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea greda dogo la kushindilia barabara, na wazo la biashara likazaliwa hapo. Lesney ilifilisika mwaka 1982, na jina la Matchbox likapita mikononi mwa kampuni kadhaa hadi lilipofika Mattel ya Marekani mwaka 1997.

Corgi ilianza mwaka 1956 huko Wales na kushindana na Dinky kwa kuweka vioo kwenye madirisha. Mattel ilileta Hot Wheels mwaka 1968 ikiwa na magari 16 ya kwanza, yenye rangi za kung'aa na magurudumu yanayoteleza kwa kasi. Mauzo ya washindani yalitikisika, na mwaka 1969 Matchbox ikalazimika kujibu kwa magurudumu yake mapya iliyoyaita Superfast. Nchini Japani, Tomica ilianza mwaka 1970 kwa magari sita ya Kijapani, yakiwamo Toyota Crown, Toyota 2000GT na Nissan Fairlady. Ufaransa ina Majorette tangu miaka ya 1960.

Majina haya yana faida kwa mfanyabiashara wa mwambao kwa sababu yote yameandikwa chini ya vigari vyenyewe. Hayahitaji mtaalamu kuyasoma.

Kwa nini mtu mzima anunue kigari?

Sababu kubwa ni kumbukumbu. Mtu hununua gari alilokuwa nalo utotoni, au gari ambalo baba yake aliendesha, au lile analolitamani na hawezi kulinunua likiwa kamili. Wengine hufuata mada moja: magari ya polisi, malori ya mafuta, Toyota peke yake, au magari ya mashindano ya nchi fulani.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika mkusanyo huo kupitia mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, nazo zikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Modeli za magari ya Safari zimetolewa na watengenezaji wa nje katika kipimo cha 1:43, na wanunuzi wake si Waafrika Mashariki tu.

Katika miaka ya 1960 Corgi ilitoa Volkswagen 1200 ya East African Safari, namba 256 katika orodha yake. Sanduku lake lilikuwa na kifaru mdogo pembeni ya gari. Leo gari hilo bila kifaru na bila sanduku lina bei moja, na likiwa na vyote viwili lina bei nyingine kabisa. Huo ni mfano mzuri wa kanuni ya soko hili: kinacholipiwa ni ukamilifu.

Wasafirishaji nao wana soko lao. Huko Ulaya kampuni za malori huagiza modeli zenye rangi na jina la kampuni, kisha huzigawa kwa wateja au kuziuza. Nchini Uingereza malori ya Eddie Stobart yalipata mashabiki wengi kiasi kwamba Corgi iliuza modeli zake kwa miaka mingi. Kwa kampuni ya usafirishaji, modeli ya lori mezani kwa mteja ni tangazo lisilotupwa kama kalenda.

Kusoma chini ya gari

Kabla ya kupanga bei, geuza kigari. Upande wa chini una maandishi yanayotaja mtengenezaji, nchi, mara nyingi jina la gari, kipimo na mwaka. Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika.

Mwaka ulioandikwa chini si lazima uwe mwaka ambao kigari kilitengenezwa. Mara nyingi ni mwaka ambao haki ya umbo au kalibu ilisajiliwa. Kalibu moja huweza kutumika kwa miaka mingi, na kila kigari kinachotoka kinabeba mwaka ule ule. Kigari chenye maandishi ya 1969 kinaweza kuwa kimetengenezwa miongo kadhaa baadaye. Muuzaji anayetaka bei ya juu kwa sababu ya mwaka huo peke yake huenda hadanganyi kwa makusudi. Huenda naye hajui.

Nchi iliyotajwa ni ushahidi wenye nguvu zaidi. Kwa Matchbox, maandishi "Made in England" pamoja na jina la Lesney yanaonyesha kigari cha kabla ya kampuni hiyo kuanguka mwaka 1982 au cha muda huo huo. Maandishi ya Macau yanaelekeza miaka ya 1980. China inafuata baadaye, kisha Thailand, ambayo ni ya vigari vya karibuni. Kwa Tomica, "Made in Japan" kwa kawaida hutangulia "China" na "Vietnam". Hot Wheels nyingi za sasa hutoka Malaysia au Thailand.

Magurudumu nayo yanasema. Matchbox za kabla ya 1969 zina magurudumu ya chuma au ya plastiki ya kijivu au nyeusi, yasiyo ya mbio. Zikiwa na magurudumu mapana ya kuteleza, ni za baadaye.

Hot Wheels zilizotengenezwa tangu 2008 zina alama fupi iliyopigwa chini: herufi moja na tarakimu mbili. Herufi inaonyesha mwaka na tarakimu zinaonyesha wiki ya uzalishaji. Alama hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi wa "hiki ni cha zamani".

Aidha, tangu 1995 Mattel huchanganya ndani ya katoni za kawaida vigari vichache vinavyoitwa Treasure Hunt. Tangu 2007 kuna daraja la juu zaidi lenye rangi maalumu ya kung'aa na matairi ya mpira halisi. Kiwandani bei yake ni ile ile ya vigari vingine, lakini wakusanyaji huvilipia zaidi. Mwenye duka anayepokea katoni nzima ana nafasi ya kuvitoa kabla ya kupanga mzigo, ili mradi anajua anachotafuta.

Hali ya kigari ndiyo bei

Baada ya kujua ni kigari gani, swali linalofuata ni kiko katika hali gani. Wakusanyaji huangalia mambo manne: rangi ya awali, magurudumu na ekseli, vipande vyote kuwapo, na sanduku au kadi.

Kupaka rangi upya ili kigari kionekane kipya ni kosa la gharama kubwa. Mwenye duka huona amekipandisha thamani, lakini mkusanyaji huona ameondoa kile alichotaka kununua. Vivyo hivyo kusugua kwa mchanga au steelwool. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha, kisha kikaushwe kabisa kwa sababu ekseli za chuma hupata kutu.

Kuna pia ugonjwa wa zinki. Vigari vya zamani sana, hasa vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati mwingine vilisubiwa kwa aloi iliyoingiliwa na risasi. Miaka inavyopita madini huvimba, hupasuka na kumomonyoka. Tatizo hili halina dawa. Mipasuko midogo kama ya udongo mkavu kwenye mwili wa kigari ni dalili ya kukataa ununuzi, hata kama jina la mtengenezaji ni kubwa.

Sanduku la karatasi ambalo wengi hulitupa huweza kuwa na thamani inayokaribia ya kigari chenyewe. Kwa vigari vipya vilivyofungwa kwenye kadi yenye ganda la plastiki, kadi iliyokunjika pembe hushusha bei. Kwa mtoto haina maana yoyote, lakini mkusanyaji atapunguza pesa papo hapo.

Vya kughushi

Penye bei kubwa, ghushi haichelewi. Katika vigari hivi kuna namna tatu. Ya kwanza ni kigari kinachotumia jina la kampuni bila idhini. Ya pili ni kigari cha kawaida kilichobadilishwa magurudumu na rangi ili kifanane na adimu. Ya tatu ni sanduku jipya lililochapishwa kwa kunakili la zamani.

Dalili ziko wazi kwa anayetazama kwa makini. Maandishi ya chini huwa hafifu au yana makosa ya herufi. Uzito huwa mdogo. Ribiti zinazoshikilia sehemu ya chini huwa zimetobolewa na kufungwa tena kwa skrubu au gundi. Rangi huingia mahali isipopaswa.

Kwa msafirishaji hili si suala la wakusanyaji peke yao. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka bidhaa ghushi za aina zote katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Katoni moja ya ghushi ndani ya mzigo mchanganyiko inaweza kusimamisha mzigo wote mpakani, na gharama ya kusubiri ikamwangukia mwenye lori na wenye mizigo mingine ambao hawakujua lolote.

Ushuru: mdoli na modeli ni kitu kimoja

Baadhi ya waagizaji hudhani kwamba wakiandika "modeli za mkusanyo" badala ya "vitu vya kuchezea" watapata kiwango tofauti cha ushuru. Sivyo. Kichwa cha 9503 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kinajumuisha vitu vya kuchezea vyenye magurudumu, midoli, na pia modeli zilizopunguzwa ukubwa. Forodha haiulizi kama mnunuzi ana miaka 5 au 50.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na inatumia ushuru wa pamoja wa forodha tangu 2009. Vitu vya kuchezea kutoka nje ya Jumuiya vinahesabiwa katika kundi la bidhaa zilizokamilika la 25%. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR. Tozo nyingine ndogo hubadilika na bajeti, hivyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya kuagiza.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwagizaji ana katoni 20 za vigari vya 1:64, kila moja ikiwa na vigari 72 kama zilivyo katoni nyingi za Hot Wheels. Jumla ni vigari 1,440. Tuseme thamani ya forodha ni dola 1 kwa kigari, pamoja na bima na usafiri, yaani dola 1,440. Ushuru wa 25% ni dola 360. Kodi ya 18% inakokotolewa juu ya dola 1,800, nayo ni dola 324. Mzigo sasa umefikia dola 2,124, sawa na karibu dola 1.48 kwa kigari, kabla ya wakala, ghala na usafiri wa ndani.

Endapo vigari 72 kati ya hivyo vitaharibika njiani, vilivyobaki 1,368 vitabeba gharama yote, na kila kimoja kitakuwa kimegharimu karibu dola 1.55. Katoni moja iliyolowa imepandisha gharama ya mzigo mzima kwa zaidi ya senti 7 kwa kigari. Katika biashara ambayo mchuuzi huuza kimoja kimoja, tofauti hiyo ni sehemu ya faida yake.

Jambo jingine ni fedha. Kwa miaka kadhaa Burundi imekuwa na upungufu wa fedha za kigeni, na bei ya dola sokoni imetofautiana na ile rasmi. Aliyenunua dola kwa bei ya soko akapanga bei ya bidhaa kwa kiwango rasmi atauza mzigo wote na kukuta hawezi kuagiza mwingine. Bidhaa isiyo ya lazima kama hii ihesabiwe kwa gharama ya kuirudisha dukani, si kwa gharama iliyolipwa miezi mitatu iliyopita.

Njia za kufika Rumonge

Rumonge iko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayofuata ziwa hadi Nyanza-Lac. Ilikuwa mkoa kuanzia 2015. Baada ya mageuzi ya utawala yaliyotekelezwa mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Burunga. Ankara na hati za usafiri zenye anwani ya zamani zirekebishwe ili zisilete maswali yasiyo ya lazima.

Mzigo unaotoka Dar es Salaam una njia tatu kuu. Ya kwanza ni barabara ya Kabanga na Kobero hadi Bujumbura, kisha kushuka kusini. Ya pili ni kupitia Kigoma na Manyovu, kuvuka mpaka Mugina, halafu Nyanza-Lac hadi Rumonge. Ya tatu ni majini: bandari ya Kigoma kwa meli za mizigo, au Kibirizi kwa boti za mbao.

Vigari vina sifa nzuri kwa msafirishaji. Kigari cha 1:64 kina uzito wa takriban gramu 40, hivyo vigari 72 bila vifungashio havifiki kilo 3. Katoni 20 za mfano wetu hazifiki kilo 60 za vigari. Ni mzigo mdogo wenye thamani, unaoweza kujaza nafasi iliyobaki juu ya shehena nzito.

Hapo hapo kuna hatari. Katoni za vigari zikiwekwa chini ya mifuko ya saruji au madumu ya mawese, kadi hubonyea. Mawese yakivuja, kadi hazifai tena hata kama vigari ni vizima. Ziwani adui ni maji ya mawimbi na mvua. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, na boti zisizo na sitaha hulowesha mizigo ya pembeni.

Njia ya kujikinga ni rahisi na haina gharama kubwa. Kila katoni ifungwe ndani ya mfuko mzito wa plastiki kabla ya kuwekwa kwenye gunia. Ipakiwe katikati na juu. Iandikwe idadi na ipigwe picha kabla ya kuondoka. Ghalani iwekwe juu ya mbao na mbali na ukuta. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kufurika katika maeneo mengi ya mwambao, Rumonge ikiwamo. Ghala lililo karibu na maji lina faida ya kupakua haraka, lakini liwe na sakafu iliyoinuliwa.

Usalama wa watoto

Wanunuzi wengi wa vigari hivi Rumonge wataendelea kuwa wazazi, si wakusanyaji. Kwao swali kubwa ni rangi. Mwezi Agosti 2007 Mattel ilirudisha kutoka sokoni vigari vya kusubu vipatavyo 436,000 vya jina la Sarge, kutoka filamu ya Cars, vilivyotengenezwa China, kwa sababu rangi yake ilikutwa na risasi kupita kiwango. Ikiwa kampuni kubwa yenye maabara iliweza kuingia katika mtego huo, kigari kisicho na jina la mtengenezaji ni cha kutiliwa shaka zaidi.

Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto na haionekani kwa macho. Vigari vya zamani vya mitumba vyenye rangi inayobanduka vinafaa kabati la mkusanyaji kuliko mkono wa mtoto mdogo. Vile vile magurudumu yanayochomoka huweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Muuzaji anayetenganisha mafungu haya mawili analinda wateja na anajenga jina lake. Masuala ya viwango nchini Burundi yako chini ya BBN, ofisi ya taifa ya viwango na ubora.

Vinavyotengenezwa hapa

Muda mrefu kabla ya vigari vya zamak kufika kwa wingi, watoto wa ukanda huu walijitengenezea magari yao kwa waya, makopo ya dagaa na samaki, vipande vya kandambili na mbao laini. Baadhi ya mafundi wameyafanya biashara, na lori la mbao lenye trela, lililopakwa rangi ya kampuni inayojulikana barabarani, ni kitu ambacho mgeni hununua kabla ya kununua kigari cha kiwandani anachoweza kukipata kwao.

Kiforodha bidhaa hizi zina nafasi bora. Kigari cha China au Malaysia kinatozwa ushuru wa nje hata kikinunuliwa dukani Kigoma, kwa kuwa asili yake si ya Jumuiya. Lori la mbao lililochongwa Kigoma au Rumonge lina asili ya hapa. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili mpakani, ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo imo katika Jumuiya tangu 2022. Ofisa wa forodha au wakala athibitishe kabla mzigo haujapakiwa.

Afanye nini mfanyabiashara?

Wakusanyaji wanaolipa vizuri hawapiti kila siku katika soko la Rumonge. Wako katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam, Ghuba, Ulaya na Japani, na wengi hununua kwa picha. Kwa hiyo kigari adimu kisicho na njia ya kumfikia mnunuzi ni mtaji uliolala. Mwenye mtaji mdogo asiufunge humo.

Biashara ya uhakika mwambaoni ni vigari vya kawaida vinavyozunguka haraka: magari ambayo watoto wanayaona barabarani, kama Hiace, Land Cruiser na malori. Vya mkusanyo viwe ni nyongeza inayopatikana kwa kuchambua kile ambacho tayari kimenunuliwa kwa bei ya fungu.

Utaratibu ni huu. Robota au katoni ikifunguliwa, kila kigari kigeuzwe. Chenye jina la Lesney, Dinky, Corgi au Tomica ya Japani kitengwe, kisioshwe kwa nguvu na kisipakwe rangi. Sanduku litunzwe. Picha nne zipigwe: mbele, nyuma, ubavuni na chini. Bei iulizwe kwa kulinganisha vile vilivyokwisha kuuzwa kwenye minada ya intaneti kama eBay, si vile vinavyotangazwa tu, kwa sababu yeyote anaweza kutangaza bei anayoipenda.

Na akija mtu na mfuko wa vigari "vya zamani" akidai bei kubwa kwa sababu ya mwaka ulioandikwa, mwenye duka asikasirike wala asikimbilie kulipa. Asome nchi, aangalie magurudumu, atafute alama ya uzalishaji. Kazi hiyo haichukui dakika mbili kwa kigari, na mfuko mmoja wa namna hiyo unaweza kumeza faida ya mwezi mzima.